Bia Chungu ya Mzee Okelo

Siku ile mnanipa lile blanketi la kuniaga, nyinyi vijana wa maabara mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu kwenye kiwanda cha bia. Nadhani mlitaka tu ninyamaze, maana mtu akiandika hawezi kuongea. Sawa, nimeandika. Vyeo sitavitaja. Nilivyopata ni vichache, na viwili kati yake vilikuwa jina jipya la kazi ileile. Mshahara nao mnaujua, ndio huohuo mnaolalamikia mpaka leo.

Niliingia chumba cha kuonja kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa naosha chupa, mwezi wangu wa kwanza, nikasema kwa sauti kwamba maji ya kusuuzia yananuka kutu. Msimamizi akaniambia nioshe chupa, niwaachie wenye pua kazi ya kunusa. Mzee mmoja mwenye koti jeupe alikuwa anapita. Akasimama, akakinga maji kwa kiganja, akayanusa.

"Yana kutu," akasema. "Huyu Mkamba nipeni mimi."

Ndivyo nilivyopata mwalimu. Jina lake Okelo, mtu wa Siaya, mwonjaji mkuu wa bia, ambaye naye alikuwa ameanza kwa kuosha chupa. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na ulimi na pua, na vitu hivyo viwili vilimfanya aogopwe na watu wenye digrii.

Vifaa vyake mngecheka mkiviona, nyinyi wenye mashine za kutoa karatasi. Glasi za kahawia, ili rangi ya bia isikudanganye. Mkate mkavu wa kusafisha mdomo. Maji ya vuguvugu. Daftari. Alinikataza pilipili siku za kazi, akanikataza sabuni ya kunukia, akanikataza hata mafuta ya kujipaka. Nilipomwambia mke wangu Mwende asininunulie tena ile sabuni ya waridi, alinitazama kwa muda mrefu. Mwaka mzima aliamini kuna mwanamke kazini asiyependa waridi.

"Bia ni kama shahidi kortini," Mzee Okelo alikuwa akisema. "Wewe usimsaidie kuongea. Ngoja aseme mwenyewe."

Tuliketi meza moja, uso kwa uso. Yeye akionja alikuwa anaweka glasi chini, ananitazama, ananiuliza, "Unaonaje?" Miaka ya mwanzo nikijibu vibaya alinicheka mpaka chakula cha mchana. Baadaye akawa anakubali tu kwa kichwa na kuandika. Nilidhani ni mimi nimekomaa.

Alistaafu katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Kawangware, upande wa Riruta Satellite, naye alikaa Kibera, Soweto West, kwa vile mkewe Mama Awuor alikuwa na meza yake ya kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapo na kanisa lake hapo, na hakuona sababu ya kuhama kwa ajili ya watu wanaopenda ghorofa. Miezi michache baada ya kustaafu kwake, Jumamosi moja nikatembea kwenda kumjulia hali. Nikakata Dagoretti Corner, nikafuata Ngong Road, nikashuka Kibera. Nikamkuta Mama Awuor pekee, anapepeta omena kwenye ungo.

"Mzee yuko wapi, Mama?"

"Muulize aliyemkopesha miguu," akasema bila kuinua kichwa. "Juzi alitolewa kwenye mtaro. Watu wawili walimbeba mpaka hapa kama kabati."

Sikuamini. Okelo niliyemjua alionja bia kila siku ya kazi na hakuwahi kuonekana amelewa. Mwonjaji hunywa kidogo, mlevi hunywa nyingi, na alikuwa ametufundisha tofauti hiyo kwa ukali.

"Mutiso," Mama Awuor akasema, "nimemwambia, na nakwambia wewe pia. Akirudi tena hivyo, mara moja tu, mimi naenda Siaya. Nina nyumba huko, nina ng'ombe. Sitakaa hapa kungoja kuzika mtu wa mtaro. Hii pombe ni huko kwenu alifundishwa."

"Mama, yeye ndiye alitufundisha sisi."

"Basi mfundisheni kuacha."

Mzee alipofika, mchana kweupe, alikuwa na harufu ya pombe za uchochoroni na macho mekundu. Alifurahi kuniona. Akaketi kwenye kiti chake cha mbao, nikamwambia niliyoyasikia. Hakukana.

"Kuacha bia?" akasema. "Maisha yangu yote nimekula kwa ulimi. Nikiacha bia nitakuwa nani? Mzee wa kuuliza saa?"

Nikasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata dakika moja. "Nitakupikia bia isiyolewesha."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Bia isiyolewesha ni kama mchungaji asiyeomba sadaka. Utampata wapi?"

Lakini Mama Awuor aliweka ungo chini. "Pika," akaniambia. "Nitaonja mimi kwanza. Kichwa changu kikizunguka hata kidogo, mambo yameisha."

Mimi nilikuwa mwonjaji, sikuwa mpishi. Kujua bia mbaya na kujua kupika bia nzuri ni mambo mawili, na kama hamniamini ulizeni wale wanaokosoa mahubiri. Hata hivyo, niliijua kanuni. Kinacholewesha ni sukari iliyoliwa na hamira. Kwa hiyo tia kimea kidogo, na ukiloweke kwenye maji ya moto kuliko kawaida, kiasi kwamba kidole kinaingia mara moja na hakitaki kurudi. Hapo kimea kinatoa utamu mzito ambao hamira haiwezi kuumaliza. Unapata bia yenye mwili lakini haina nguvu. Kisha unachemsha na hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Hopsi nilipewa na mtu wa stoo. Zilikuwa zimepitwa na wakati zikingoja kutupwa, akaniandikia karatasi ya kutokea getini. Kimea cha mtama nilinunua sokoni Kawangware, kwa wale akina mama wanaowauzia wapika busaa, ile pombe ya kienyeji. Mama mmoja alinitazama viatu, akaniuliza kama nimefutwa kazi.

Pishi la kwanza nililipika jikoni kwetu, Mwende amesimama mlangoni na kitabu cha nyimbo za kwaya. Lilitoka jepesi mno. Mzee Okelo alilionja, akanitazama, akasema, "Hii ni maji ya kuoshea sufuria ya bia." Pishi la pili niliongeza kimea, nikafunga chupa mapema kwa sababu ya haraka. Jumapili, watu wametoka kanisani wanaamkuana nje, chupa zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine chini ya kitanda. Majirani walilala chini wakidhani ni risasi. Jirani mmoja alitambaa mpaka nyuma ya tangi la maji na suti yake.

"Baba Kioko," Mwende akaniambia tulipokuwa tunafagia vigae, "huyo mzee akiacha pombe na sisi tukifukuzwa nyumba, nani atakuwa ameokoka?"

Pishi la tatu ndilo ninalotaka mlisome vizuri. Ndoo yangu ilikuwa na ufa, kwa hiyo nikatumia jerikeni niliyoazima. Niliiosha mara tatu kwa maji moto, nikaona inatosha. Haikutosha. Jerikeni ile ilikuwa imekaa na mafuta ya taa. Nilibeba chupa mpaka Kibera bila kuionja, jambo ambalo mtu wa kazi yetu hafai kulikiri, na nilipofungua kizibo mbele ya Mzee, harufu ilinipiga kama nimeinamia stovu. Mama Awuor alikuwa ameshaweka glasi mezani. Nilikuwa nimetembea mwendo wa kutosha na nilikuwa na aibu ya mapishi mawili, nikakaza uso, nikamimina. Nilikuwa nafikiri namna ya kuomba msamaha. Mzee akanyakua glasi kabla mkewe hajaonja, akapiga funda, akanitazama usoni kwa makini, akaitikia kwa kichwa.

"Hii sasa imekaribia," akasema.

Mama Awuor akaipokea glasi, akaonja, akatoka nje mbio kutema. Akarudi anafuta mdomo kwa kanga.

"Imekaribia nini?" akauliza. "Imekaribia kuwaka?"

Tulicheka, mimi na mama. Mzee hakucheka. Alikuwa ameishika glasi kwa mikono miwili, anaitazama kama mtu aliyeonyeshwa barua asiyoweza kuisoma. Ndipo nikaelewa, na kicheko changu kikaniishia kinywani.

"Mzee," nikasema, "hii ina mafuta ya taa."

"Mengi?"

"Mengi sana."

Akaiweka chini. Mama Awuor akaketi polepole.

"Ile homa iliyonilaza mwaka mmoja kabla sijastaafu," Mzee akasema. "Mnaikumbuka. Nilipopona, pua haikurudi. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi. Omena siisikii. Waridi siisikii. Bia ikawa maji yenye povu."

"Na mwaka ule wote kiwandani?"

"Nilikuwa nasoma uso wako, Mutiso. Bia ikiwa na kasoro unakunja hapa." Akagusa katikati ya nyusi zake. "Nikikuuliza unaonaje, nilikuwa nauliza kweli. Leo umekaza uso, nikadhani umefurahi."

Mkewe alikuwa hajui. Miaka yote ile ya ndoa, na mwaka huo na zaidi alikuwa akimpikia mtu asiyesikia harufu ya mboga, naye akisifu kila sahani. Hakumgombeza. Aliuliza tu, "Na kulewa?"

"Nilikuwa naitafuta," Mzee akajibu. "Nilifikiri nikinywa nyingine, na ile kali zaidi, nitaipata ladha. Sikuipata. Kilichobaki ndani ya chupa ni kulewa tu."

Nilirudi nyumbani na hasira, na kusema kweli nilikaa nayo wiki mbili. Mwaka mzima nilidhani nina mtu nyuma yangu. Kila tangi tulilopitisha na kila tangi tulilomwaga, nililala vizuri kwa sababu Okelo alikuwa ameonja. Kumbe nilikuwa peke yangu. Jumatatu nilikaa kwenye meza ile nikashindwa kuandika hata mstari. Mwende ndiye alinitoa hapo. Aliniuliza kama katika mwaka huo tuliwahi kupitisha bia mbaya. Nikafikiri, nikasema hapana. "Basi aliyekukosea ni nani?" akasema, akaendelea kukunja nguo.

Hapo akili yangu ikarudi kwenye kazi. Pua ya Mzee ilikuwa imekufa, lakini Mzee mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba utamu, uchachu, chumvi na uchungu havihitaji pua. Hukaa kwenye ulimi. Bia zangu tatu zilikuwa na uchungu dhaifu wa kuombewa, kwa sababu nilikuwa nabania hopsi. Huyu mtu alihitaji bia chungu, chungu kuliko yoyote ambayo kiwanda kingethubutu kuuza. Nikarudi kwa yule mtu wa stoo, nikamaliza hopsi zake zote mbovu, na safari hii nikakubaliana na Mama Awuor nipikie kwake, kwa sufuria yake na makaa yake, mbali na jerikeni za watu.

Nilishuka Kibera Jumamosi mchana na mfuko wa karatasi kwapani. Karibu na njia ya kuingia Soweto West askari wawili walikuwa wamesimama. Upepo uliwafikishia harufu kabla sijafika.

"Sasa, mzee," mdogo wao akasema. "Hebu fungua hiyo."

Nikafungua. Maua makavu, kijani, yananuka mita kumi. Askari wale wakatazamana kama watu waliopandishwa cheo.

"Hii ni bangi ya wapi? Sijawahi ona ya hivi."

"Si bangi. Ni maua."

"Ya kupeleka kaburini?"

Hapo ndipo nilipoiona shida yangu yote kwa mara moja. Nikisema ni maua ya kupikia bia, nimekiri kupika pombe bila leseni, na wakati ule watu walikuwa wanabebwa kila wiki kwa kosa hilo. Nikinyamaza, ni bangi. Karatasi ya getini ilikuwa ndani ya soksi yangu, na ina muhuri wa kiwanda. Kuitoa ni kuwaalika wapige simu kazini. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikasema kitu pekee cha kweli kilichobaki, maana wapo wanaochemsha hopsi ili walale.

"Ni dawa ya usingizi, afande. Inachemshwa."

"Ya nani?"

"Ya mzee wangu. Hajalala vizuri tangu astaafu."

Yule askari mkubwa alikuwa mtu wa makamo, mwenye uso wa kutoamini hata kalenda. Akachukua ua moja, akalinusa, akalitia mdomoni, akatafuna. Nikamwonya, hakusikia. Uchungu wa hopsi isiyochemshwa hauji mara moja. Hukaribia kwa adabu, hukaa, kisha hufunga mlango. Nilimwona akimeza mate, akimeza tena, macho yakajaa maji. Akaegemea ukuta wa kibanda cha chai, akamwonyesha mwenye kibanda kwa kidole kwamba anataka maji, akanywa kikombe kizima, na cha pili.

"Afande, ni ngwai?" mwenzake akamuuliza, kwa jina la mtaani la bangi.

"Nyamaza," akasema kwa sauti iliyokwaruza. Kisha akanirudishia mfuko. "Enda. Mtu wa kutumia hii ashajihukumu mwenyewe."

Nilifika kwa Mzee na mfuko wangu mzima. Tukapika siku ileile. Mama Awuor alishika mwiko na kupuliza makaa, Mzee alisimamia kutoka kwenye kiti chake akinirekebisha, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu nilimsikia akinicheka kama zamani. Hopsi tulizitia mara tatu: mwanzo wa kuchemka kwa ajili ya uchungu, katikati, na za mwisho tulipoepua, kwa ajili ya harufu.

"Za mwisho za nini?" Mzee akauliza. "Harufu ni ya nani humu ndani?"

"Ni yangu," mkewe akasema. "Mimi pia nina pua."

Tulipoza sufuria kwenye karai la maji, tukatia hamira, tukangoja iache kutoa mapovu kabisa ndipo tukafunga chupa. Ile haraka ya chini ya kitanda ilikuwa imenifunza. Nilipima sukari kwa kipimo cha kuelea kabla na baada. Kileo kilikuwa kidogo hivi kwamba mtu angejaza tumbo siku nzima kabla ya kujaza kichwa.

Baada ya wiki mbili nilirudi. Mama Awuor alionja kwanza, kama tulivyoagana, glasi nzima. Akakaa. Tukamngoja. Akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi kwa mstari ulionyooka, akaketi.

"Kichwa kiko," akasema. "Ulimi ndio sijui."

Mzee akapokea glasi yake. Safari hii sikukaza uso wala kuukunja. Niligeuka nikatazama ukuta, nikamnyima uso wangu. Nikasikia akimeza. Kisha akapiga funda la pili.

"Hapa," akasema. Nilipogeuka alikuwa ameweka kidole chini ya taya, mahali ulimi unapoanzia. "Imekaa hapa. Imekaa, Mutiso, haiendi." Mkewe akajifanya anatafuta kitambaa cha meza.

Sitawadanganya kwamba aliacha pombe siku hiyo. Mwezi uliofuata alirudi kwenye vichochoro mara mbili, mara zote akirejea nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na Mama Awuor alifunga sanduku mara mbili na kulifungua. Baadaye akaacha kwenda. Alisema pombe za kule hazina kitu, na kwa upande wake ilikuwa kweli. Tulipika kila baada ya wiki tatu, hopsi zikipatikana. Majirani walikuja kuonja bia ya bure, kila mmoja mara moja tu. Sijui chupa nyingine za bia Kibera yote zilizokaa nje dirishani bila mtu kuziiba.

Nami kazini nilizoea kuandika peke yangu. Mara ya kwanza kuamuru tangi limwagwe bila uso wa mtu wa kutazama, nilirudia kuonja mara tatu, lakini lilimwagwa. Ndiyo maana nilikuwa nawageuzia nyinyi mgongo mnapoonja. Mlidhani nina kiburi.

Mara ya mwisho niliyowakuta pamoja jioni, kabla hawajahamia Siaya wote wawili, walikuwa wameketi mlangoni, chupa moja, glasi mbili. Mama Awuor, mshiriki wa kanisa ambaye kabla ya bia hii hakuwahi kugusa pombe maishani, aliinua yake akainusa kabla ya kunywa.

"Sema," Mzee akamwambia.

"Ngoja." Akanusa tena. "Ndimu. Ndimu iliyokatwa jana. Halafu majani, kama ya kulalia mbuzi, lakini masafi."

Mzee Okelo akafumba macho, akanywa, akaikalisha bia kwenye ulimi.

"Ndimu ndogo ama zile kubwa?"

"Ndogo."

"Enhe," akasema. "Endelea."